Kilomita za Daftarini

Kila siku saa kumi jioni, kengele ya mwisho ikishalia na watoto wengine wakikimbilia langoni, wasichana wawili walibaki nyuma. Walivua viatu vya shule, wakavaa raba zao zilizochoka, wakaelekea uwanjani.

Mmoja shule nzima ilimwita Njiti, kwa wembamba wa miguu yake. Mwenzake aliitwa Kimya, kwani mwalimu angeweza kufundisha muhula mzima asiisikie sauti yake. Wote wawili walikuwa na miaka kumi na mitatu, walikaa dawati moja, na kwenye mbio za mita elfu moja na mia tano walipishana hatua tatu au nne tu. Leo Njiti mbele, kesho Kimya mbele.

Mwalimu wa michezo alikuwa mwanamke mfupi, mnene kiasi, mwenye saa ya kupimia mbio aliyoivaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Alisimama katikati ya uwanja na kupaza sauti.

"Njiti! Unakimbia kama umefukuzwa na nyuki! Tunza pumzi! Na wewe Kimya, mbona unakimbia kama unamsindikiza mgeni? Kaza mwendo!"

Wiki ya mwisho kabla ya likizo aliwaita wote wawili, akawapa kila mmoja daftari jipya.

"Jumamosi ya kwanza tukishafungua shule ni mashindano ya shule zote," alisema. "Mbio zenu zina nafasi moja kwa kila shule. Moja tu. Watatu wa kwanza watachukuliwa na ile shule ya bweni yenye wakufunzi wa riadha. Muda wa kuwashindanisha ninyi wawili sitakuwa nao, maana majina yanapelekwa Jumatatu ileile ya kufungua. Humo nimewaandikia mazoezi ya wiki nne. Kila siku andikeni mlichofanya. Aliyefanya kazi, daftari litasema, na huyo ndiye atakayekimbia."

"Na kama tumefanya sawasawa?" Njiti aliuliza.

"Hapo nitaumwa kichwa," mwalimu alijibu. "Niacheni niumwe kichwa kwa raha zangu."

Njiti alirudi nyumbani akiwa na furaha hadi vidoleni. Furaha hiyo haikumaliza hata jioni moja. Alimkuta baba akipanga vifaa vyake kwenye sanduku la bati.

"Likizo hii tunasafiri wote," baba alisema. "Mama yako bado anamuuguza bibi, na nyonga iliyovunjika haiponi haraka. Siwezi kukuacha hapa peke yako mwezi mzima."

Baba alikuwa fundi wa majokofu ya chanjo. Alizunguka zahanati moja baada ya nyingine, mji kwa mji, akihakikisha majokofu ya kuhifadhia dawa za chanjo yanapoza inavyotakiwa. "Wagonjwa wangu hawanung'uniki," alizoea kusema, "ndiyo maana wanakufa bila mtu kujua." Alisafiri kwa pikapu kuukuu ya ofisi ambayo aliipa jina la Mkwe, kwa kuwa haikutaka kuudhiwa. Ukifunga mlango wake kwa nguvu, asubuhi haiwaki.

"Baba, na mazoezi yangu?"

"Miguu yako unaiacha hapa?" baba aliuliza akitabasamu. "Si tunakwenda nayo? Utakimbia huko huko."

Siku ya kwanza ikawa kweli. Walilala kwenye mji mdogo wenye barabara ya vumbi isiyo na magari mengi. Asubuhi baba aliendesha Mkwe polepole kutoka lango la nyumba ya wageni mpaka kwenye daraja, akisoma namba za kilomita mbele ya usukani. "Moja na nusu," alisema. Njiti alikimbia kwenda na kurudi, akaandika kwenye daftari: *Kilomita tatu.* Aliuangalia ule mstari mara mbili kabla ya kulifunga.

Siku ya tatu walifika penye barabara kuu. Magari makubwa yalipita hapo mfululizo, na ukingo wa lami ulikuwa mwembamba kama mkanda. Njiti alikuwa amekimbia dakika chache tu aliposikia honi nyuma yake. Malori mawili yalikuwa yakipishana kwa fujo, na moja lilitoka nje ya lami kabisa. Aliruka mtaroni. Alipoinuka, viganja vilikuwa vimechubuka, goti linatoka damu, na mdomo umejaa mchanga. Baba alikuja mbio kutoka kituo cha mafuta, bisibisi mkononi, uso umempauka kama majivu.

Hakumgombeza. Alimfuta goti kwa kitambaa chake, kisha akasema, "Kuanzia leo hukimbii barabarani. Nimemaliza."

"Baba, mashindano..."

"Mashindano yanamtaka mtu aliye hai. Nimemaliza, mwanangu."

Basi Njiti akaanza kutafuta mahali pengine, na kila alipogusa palikuwa na mwiba. Kwenye nyumba ya wageni ya mji uliofuata palikuwa na ua wenye upana wa hatua kumi. Aliuzunguka mpaka kichwa kikamzunguka na yeye, na mama mwenye nyumba akatoka jikoni, mikono kiunoni. "Binti, nguo za wageni wote zimejaa vumbi lako. Huo ni ua, si uwanja." Palipofuata walipewa chumba cha ghorofani. Njiti alijaribu kurukaruka mahali pamoja kama mwalimu alivyowafundisha siku za mvua. Mara dari la chumba cha chini likagongwa kwa ufagio, na sauti ya mzee ikauliza, "Huko juu mnatwanga nini?"

Mji mwingine ulikuwa na mbwa wasiofungwa. Mwingine, jua lilichoma tangu saa mbili asubuhi. Zilikuwepo pia siku ambazo hapakuwa na mji wowote, bali barabara tu, kwa muda wa saa tisa, hata kumi na moja, ndani ya Mkwe, magoti yakigusa sanduku la bati. Jioni aliposhuka, miguu yake ilikuwa imevimba, viatu havimtoshi, na alitembea kama mtu aliyekopeshwa miguu ya mwingine. Baba naye alikuwa hoi. Alikunywa chai yake macho yamefumba, na Njiti hakuwa na moyo wa kumwambia, "Baba, nitafutie mahali pa kukimbia."

Aliwaza juu ya Kimya. Kila ilipofika saa kumi jioni, popote walipokuwa, alimwona akilini mwake akivua viatu vya shule na kwenda uwanjani. Mzunguko mmoja, wa pili, wa tatu. Njiti alihisi nguvu zinamvuja kama maji kwenye ndoo iliyotoboka, na yeye ameketi anaangalia.

Mwisho wa wiki ya pili alilifungua daftari. Mistari minne ilikuwa imeandikwa. Iliyobaki ilikuwa mitupu.

Siku hiyo alikuwa amezunguka nyuma ya zahanati mara chache tu. Hata kilomita moja haikufika. Alishika kalamu, akafikiri kidogo, akaandika: *Kilomita tatu.* Akangoja moyo umsute. Ukamsuta kweli, lakini kidogo, na haukuchukua muda. Ile tatu ilikaa pale kwenye mstari, imenyooka, haina tofauti na ile tatu ya siku ya kwanza.

Kesho yake hakukimbia kabisa, akaandika nne. Kisha akarudi nyuma na kujaza siku zilizopita. Alitumia kalamu ya bluu hapa na nyeusi pale, ili isionekane imeandikwa kwa kikao kimoja. Aliongeza na maneno: *Upepo mkali. Nimejikaza.* Au: *Leo pumzi nzuri.* Alishangaa jinsi kazi hiyo ilivyokuwa nyepesi. Miguu haikuuma hata kidogo.

Siku mbili baadaye simu ya baba ililia wakiwa wanakunywa chai. Alikuwa mwalimu wa michezo, na baba akampa Njiti simu.

"Njiti wangu! Habari za safari? Mazoezi yanakwendaje huko?"

Njiti alimtazama baba, aliyekuwa akipekua karatasi zake za kazi na kusikiliza kwa sikio moja. Alilichukua daftari, akasimama kando ya dirisha. "Yanaenda vizuri, mwalimu. Jumatatu kilomita tatu. Jumatano mbio fupi nane za kasi. Ijumaa kilomita nne, na Jumamosi nimepanda kilima."

"Hujakosa hata siku moja?"

"Hata moja."

Upande wa pili mwalimu alicheka kwa furaha, na kicheko kile kikamchoma Njiti kuliko kiboko. "Mwenzako amekosa siku tano, alikuwa na homa. Shangazi yake mshonaji anamhitaji dukani kwa wiki mbili zilizobaki, na mama yake ameniuliza kama amzuie asiende, abaki na mazoezi. Basi nitamwambia ukweli, mtoto asijitese bure. Ukiendelea hivi, nafasi ni yako."

Njiti alifungua mdomo. Maneno yalikuwa pale pale kwenye ulimi. "Asante, mwalimu," alisema.

"Vipi?" baba aliuliza baada ya simu kukatika.

"Amenisifia."

"Ndiyo maana nakwambia, miguu unasafiri nayo," baba alisema, akarudi kwenye karatasi zake.

Baada ya hapo Njiti hakujaribu tena kukimbia. Kulikuwa na faida gani? Kimya alikuwa ameshaambiwa. Yeye mwenyewe alikuwa amelegea, anajijua. Alijizuia kufikiria mashindano, na siku zilipita moja baada ya nyingine nje ya kioo cha gari, zote za rangi moja. Jioni moja, kwa uchovu tu wa kuwaza, alichukua kalamu akajaza kurasa zote mpaka Jumapili ya mwisho wa likizo. Siku ambazo hazijafika nazo alizijaza. Alilitupa daftari chini kabisa ya begi, hakutaka kuliona.

Jumanne ya wiki ya nne walifika kwenye zahanati ndogo yenye vyumba vitatu na baraza refu. Ilikuwa siku ya chanjo. Akina mama zaidi ya thelathini walikuwa wameketi barazani na watoto wao. Mmoja alikuwa na pacha, mmoja mgongoni, mwingine kifuani, na miguu yake ilikuwa na vumbi mpaka magotini.

Nesi aliyewapokea alikuwa kijana, macho mekundu kwa kukosa usingizi. "Karibu, fundi. Friji haina neno," alisema. "Unaweza kupita tu, utie sahihi."

"Ngoja nimsalimie mgonjwa hata hivyo, dada," baba alisema. Alimpa Njiti karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa jokofu. "Nisomee, mama. Inatakiwa isizidi nane, isishuke chini ya mbili. Anza na Alhamisi iliyopita."

Ilikuwa karatasi ya joto. Kila siku ilikuwa na visanduku viwili, asubuhi na jioni.

"Alhamisi asubuhi tano, jioni tano," Njiti alisoma. "Ijumaa tano, tano. Jumamosi tano, tano. Jumapili, tano, tano. Jumatatu tano, tano. Leo asubuhi tano." Akasita. "Jioni tano."

"Jioni ya lini?"

"Ya leo, baba."

Baba aliangalia saa yake. Ilikuwa saa nne asubuhi. Alifungua jokofu, na hewa iliyotoka humo ilikuwa ya joto, yenye harufu ya maji yaliyolala. Barafu zote zilikuwa zimeyeyuka. Kipimajoto kilichokuwa kimelala kati ya vichupa vya chanjo kilisoma ishirini na tisa.

Nesi aliweka mkono mdomoni.

"Hii imekufa siku nne au tano," baba alisema taratibu. Aliinama nyuma ya jokofu, akawasha tochi. "Panya amekata waya. Waya mmoja tu. Kazi ya nusu saa, dada. Ungenipigia siku ile ile, hata dawa moja isingeharibika."

"Fundi, miaka mitatu ni tano," nesi alisema, na machozi yakaanza kumtoka. "Kila nikiangalia ni tano. Niko peke yangu hapa. Kuzalisha ni mimi, kufunga vidonda ni mimi, kuandika ni mimi. Nikaona tano ni tano tu. Nikawa naandika bila kuangalia kipimajoto, hata nikitoa dawa kwa haraka."

"Na umechanja kutoka humu tangu Alhamisi?"

"Ijumaa. Na jana."

"Wangapi?"

"Kumi na tisa." Sauti ilikuwa imekwisha kabisa.

"Itabidi watafutwe, mmoja mmoja. Na vichupa hivi vyote vitupwe."

Nesi alijifuta uso kwa kanga iliyokuwa begani, akatoka barazani. Njiti alisimama mlangoni. Aliona jinsi akina mama walivyokaa sawa, wakidhani sasa zamu imefika.

"Mama zangu, mnisamehe. Leo hakuna chanjo. Dawa zimeharibika. Mrudi wiki ijayo."

Palikuwa na minong'ono, kisha wakaanza kuinuka. Yule mwenye pacha hakuinuka. "Nimeondoka nyumbani alfajiri," alisema. Hakuwa amekasirika. Alisema kama mtu anayeomba awe amekosea kusikia. "Kwa miguu. Na wote wawili hawa."

"Najua, mama."

"Wiki ijayo nitampata nani wa kumwachia shamba?"

Yule mama alimfunga upya mtoto wa mgongoni, akamweka vizuri wa kifuani, akashika njia aliyokuja nayo. Njiti alimwangalia akipungua, akipungua, mpaka alipopinda nyuma ya miti na kupotea.

Ndani ya Mkwe, chini kabisa ya begi, kulikuwa na karatasi nyingine ambayo jioni ya leo ilikuwa imeshaandikwa.

Baba alifunga waya, akasubiri jokofu lianze kunguruma, akajaza taarifa yake. Waliondoka. Walikwenda karibu saa nzima. Njiti alijaribu mara tatu kuanza kusema, na mara tatu akaishia kutazama barabara. Mwisho akafungua begi, akatoa daftari, akaliweka juu ya sanduku la bati katikati yao.

"Baba, na mimi nimeandika jioni ya leo."

Baba alimtazama bila kuelewa, akaegesha gari kando. Alichukua daftari, akafungua ukurasa baada ya ukurasa, mpaka akafika kwenye Jumapili ambayo bado ilikuwa siku tano mbele. Alilifunga polepole.

"Umekimbia mara ngapi kweli?"

"Mara nne. Nyingine nusu nusu."

"Na siku ile mwalimu alipopiga simu?"

"Nilimsomea haya. Akamwambia Kimya aende dukani kwa shangazi yake." Hapo machozi yakamshinda. "Hafanyi mazoezi, baba. Ameacha kwa sababu yangu. Na mimi siwezi kukimbia tena, nimelegea. Kila kitu kimeharibika."

Baba aliegemea usukani. Alionekana mzee kuliko asubuhi. "Mimi nilikukataza barabara, nikaondoka na shughuli zangu," alisema. "Sikukuuliza hata siku moja umekimbilia wapi. Hilo ni kosa langu, na nalibeba. Lakini hili," aligonga jalada la daftari kwa kidole, "hili ni lako. Siwezi kukubebea." Akatoa simu mfukoni, akamnyooshea. "Mpigie."

"Sasa hivi? Baba, tungoje nimwambie uso kwa uso, Jumatatu..."

"Mpaka Jumatatu ni siku sita. Yule dada pale alikuwa na siku tano, umeona zilivyoishia. Ukweli unaochelewa unazidi kuharibu, mwanangu. Ukiusema leo hautakuwa mtamu, ila utaokoa kinachoweza kuokolewa."

Njiti alipiga. Simu iliita kwa muda mrefu, akaomba moyoni isipokelewe. Ikapokelewa. Alisema yote bila kupumzika, kama mtu anayemeza dawa chungu, kisha akangoja.

"Nimekusikia," sauti ya mwalimu ilisema. Haikuwa na kicheko hata kidogo. "Asante kwa kupiga. Sasa kata simu, nina mtoto wa kwenda kumtafuta."

Siku zilizobaki Njiti alikimbia pale alipoweza: mara moja nyuma ya stoo ya zahanati, mara moja kwenye kiwanja cha mpira asubuhi. Hazikumsaidia kitu. Kifua kilimwaka na miguu ilikuwa mizito kama imevaa matope. Hakuandika chochote. Jumatatu shule ilipofunguliwa, jina la Kimya lilipelekwa.

Darasani Kimya alikuwa ameshakaa mwisho wa dawati, mbali kadiri dawati lilivyoruhusu. Njiti alimnong'oneza, "Nisamehe." Kimya aliendelea kuchonga penseli yake. Ilipokwisha kuchongeka aliongea, na kwa Kimya yale yalikuwa maneno mengi.

"Nilikuwa nataka ile shule," alisema. "Nilipoambiwa wewe hujakosa hata siku moja, nilifurahi kwa ajili yako. Nilimwambia na mama."

Njiti angependa zaidi apigwe.

Jumamosi uwanja wa mashindano ulijaa. Kimya alikuwa na siku kumi tu za mazoezi. Alitoka vizuri, akakaa wa tatu mizunguko miwili ya kwanza, na Njiti, aliyeshika sweta la Kimya, alianza kuthubutu kutumaini. Mzunguko wa tatu miguu ya Kimya ikakataa. Alipitwa na mmoja, na mwingine, mpaka wakafika watano. Alimaliza wa nane, akapiga magoti kwenye nyasi, na alipoinuka alilichukua sweta mkononi mwa Njiti bila kumtazama.

Kwenye basi la shule hakuna aliyeimba.

Jumatatu saa kumi jioni Njiti alisimama ukingoni mwa uwanja, hajui kama anaruhusiwa kuingia. Mwalimu alikuwa katikati, na Kimya alikuwa anakimbia peke yake. Mwalimu alimwona, akamwashiria kwa kidevu.

"Vaa raba. Mita elfu moja na mia tano."

"Mwalimu, sina pumzi."

"Sijakuuliza."

Njiti alikimbia. Mzunguko wa pili alikuwa hoi, wa tatu Kimya alimpita kama mti uliopandwa, na mita za mwisho alizimaliza kwa kujikokota. Aliinama, mikono magotini, akihema.

"Dakika saba na sekunde kumi na mbili," mwalimu alisoma. Kabla ya likizo ilikuwa tano na arobaini. Njiti alifumba macho kwa aibu.

"Niangalie," mwalimu alisema. "Hii saba na kumi na mbili ni namba mbaya kuliko zote ulizowahi kunipa. Lakini ni ya kwanza tangu likizo ninayoweza kuifanyia kazi. Ungeniambia wiki ya pili, 'Mwalimu, nimekwama, barabara zina malori, sina pa kukimbilia,' ningekufundisha mazoezi ya ngazi, ya ukuta, ya kamba ya kuruka, hata ya kwenye kiti cha gari. Mazoezi ya njiani yapo. Na Kimya ningemwambia abaki. Mtu akiniambia kweli yuko wapi, hata awe mbali namna gani, naweza kumwelekeza. Akinidanganya mahali alipo, kila kona nitakayomwambia apinde itazidi kumpoteza, na atapotea na wenzake aliowashika mkono. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mwalimu."

"Ile shule ya bweni imekwenda. Mwaka huu hairudi, kwenu wote wawili, na sitakudanganya kwamba kuna njia nyingine nimeificha mfukoni. Kuna kazi tu. Baba yako ameniambia likizo ijayo atasafiri tena. Kabla hamjaondoka tutakaa sisi watatu tupange, na siku usiyokimbia utaniambia hujakimbia, wala sitakugombeza. Sasa nyoosha miguu usije ukashikwa na misuli."

Njiti aliketi kwenye nyasi, akanyoosha mguu mmoja, kisha mwingine. Yote miwili ilimuuma. Baada ya muda kivuli kilimwangukia. Kimya alikuwa amesimama pale, jasho linamtiririka, anatazama upande wa pili wa uwanja.

"Kesho unakuja?" Kimya aliuliza.

"Nakuja."

Kimya aliketi chini, hatua tatu au nne kutoka kwake, akaanza naye kunyoosha miguu.